Mapanki nayo yapimwe

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu, na wakubwa wenzangu hapa Mwanza wanakumbuka hali ilivyokuwa. Baadae ukaguzi ukakazwa na minofu ya sangara ikarudi kwenye ndege. Safi kabisa. Ila sisi tunaobaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara minofu ikishatolewa, nani anatupimia?

Maana sumu ninayoiongelea hapa sio ya kukuangusha papo hapo. Ni kemikali zinazovuruga homoni, ziko kwenye dawa za mashambani, kwenye plastiki, kwenye baadhi ya sabuni, hata vidonge vya uzazi wa mpango mabaki yake yanatoka na mkojo yanafuata maji machafu. Baadhi yake mwili unazipokea kama homoni zake. Kule Kanada wanasayansi walichukua ziwa dogo la majaribio wakatia homoni ya vidonge hivyo toka 2001 hadi 2003, kama nanogramu 5 tu kwa lita, yaani kidogo mno, na samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, aina moja ya visamaki ikakaribia kuisha ziwani.

Sasa nenda kasimame daraja la mto Mirongo mvua ikishakatika uone povu, pampasi, chupa na maji meusi yanavyoshuka ziwani. Na huku Usukumani pamba ilipigwa dawa za wadudu za DDT na endosalfani miaka mingi, hizo hazipotei upesi, zinakaa kwenye matope na kwenye mafuta ya samaki. Ziwa lenyewe mto unaotoka ni Nile tu pale Jinja, maji mengine mengi yanaondoka kwa mvuke na uchafu unabaki.

Hapo kwenye mafuta ndo panaponiuma. Mnofu usio na mafuta mengi unasafiri, kichwa kilichonona kinabaki kwa mama wa kukaanga, ukikitupia kwenye karai kinatoa mafuta yake mwenyewe, watoto wanasubiri na ugali, mjamzito naye anakula hicho hicho wakati homoni ndo zinamjenga aliye tumboni.

Sisemi watu waache samaki, tutakula nini. Nataka maabara ya samaki ya Nyegezi ipewe hela ya kupima kemikali hizi kwenye mapanki, dagaa na sato wa sokoni, halafu majibu yabandikwe pale soko la samaki la mwaloni Kirumba kwa Kiswahili, kila mchuuzi ayasome.