Korosho ziko ghalani, ufunguo anao nani?

Juzi pale Kariakoo, kijana anayeuza vifaa vya simu alinionyesha pochi yake ya kidijitali. Alitaka kuhamisha ETH zake, yaani sarafu za kidijitali za mtandao wa Ethereum, kutoka huko kwenda mtandao wenye ada ndogo. "Kaka, si ni kama kutuma hela kutoka laini hii kwenda mtandao mwingine?"

Nikamwambia hapana. Hela ya simu ikienda mtandao mwingine, nyuma yake kuna Benki Kuu na mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, na kuna pa kulalamika. Lakini Ethereum ni blokcheini, daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi, na blokcheini mbili hazijuani. Ethereum haioni kinachoandikwa Solana, blokcheini nyingine. Kinachoziunganisha ni daraja, yaani programu ya kuhamisha mali kati yake, na kwenye madaraja mengi sarafu haivuki: inafungiwa upande huu, na upande wa pili unapewa tokeni ya kuiwakilisha. Watu wa Mtwara wataelewa upesi, maana ni stakabadhi ghalani. Korosho zimebaki ghalani, wewe umeshika karatasi.

Ghala la daraja liitwalo Ronin lilivunjwa Machi 2022. Daraja hilo lilikuwa na wathibitishaji tisa, yaani wenye funguo za kuidhinisha uhamisho, na saini za watano zilitosha kutoa mali. Funguo nne zilikuwa kwa kampuni moja. Wezi wakazipata hizo, wakapata na ya tano, wakaondoka na ETH 173,600 pamoja na milioni 25.5 za USDC, sarafu inayofuata thamani ya dola. Zikapita siku sita bila mtu kujua, hadi mtumiaji mmoja aliposhindwa kutoa sarafu zake. Hizo siku sita ndizo zinazoniuma kuliko wizi wenyewe. Karibu wiki nzima hakuna aliyekwenda kuhesabu magunia!

Mwezi mmoja kabla, daraja la Wormhole lilikuwa limepigwa kwa kosa la msimbo wa kukagua saini: mtu alijichapishia stakabadhi za ETH 120,000 bila kuweka chochote ghalani. Agosti ikafuata zamu ya daraja la Nomad.

Msimamo wangu ni huu: daraja lisitegemee watu wachache wenye funguo pale ambapo blokcheini inaweza kukagua yenyewe. IBC, njia ya mawasiliano kati ya blokcheini za familia ya Cosmos, inafanya hivyo. Kila mtandao unatunza muhtasari wa mwenzake na kupima ushahidi wa kila ujumbe kabla ya kuukubali. Kujenga hivyo ni kazi ngumu, hasa kati ya mitandao isiyofanana, na msimbo nao unaweza kuwa na kosa. Ndiyo maana nataka pia kikomo cha kiasi kinachoweza kutoka kwa siku, na mzigo mkubwa usubirishwe ukaguliwe. Najua wafanyabiashara wetu wanapenda haraka. Lakini mtaji wa duka ukipotelea huko, hakuna dirisha la kwenda kudai.

Tulikaa barazani kwake hadi adhuhuri, tukisoma maelezo ya daraja alilotaka kutumia. Idadi ya wathibitishaji haikutajwa popote, wala aliyekagua msimbo. Akaziacha ETH zake Ethereum, na ile ada kubwa akakubali kuilipa.