Kiingereza Changu Kimepitwa na Tarehe

Wiki iliyopita nilikuwa najaza maombi ya masomo ya juu. Nikafika kwenye kipengele cha cheti cha lugha, nikapakia matokeo yangu ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, alama 7.5 kati ya 9, huku nikijiona mwamba. Mfumo ukayakataa. Yamepita miaka miwili. Maziwa yana tarehe ya mwisho, dawa ya kikohozi inayo, kumbe na Kiingereza nacho kinayo.

Sigombi kupimwa. Sisi tuliotoka darasa la saba la Kiswahili tukaingia Kidato cha Kwanza cha Kiingereza tunajua tulivyosoma. Mwalimu alianza kueleza usanisinuru kwa Kiingereza, akiona tumemkodolea macho anahamia Kiswahili, kisha anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza tukazikariri. Kusoma kwa lugha hiyo miaka yote ile hakumaanishi unaimudu, na chuo cha ng'ambo kina haki ya kuuliza.

Tena mtihani wenyewe ulinifundisha kitu. Mara ya kwanza niliangukia kwenye kuandika. Una saa moja: unaeleza grafu kwa maneno yasiyopungua 150, halafu insha ya maneno yasiyopungua 250. Mimi nikaja na mbwembwe zangu za sekondari, utangulizi wa "tangu enzi na enzi" na misamiati mizito niliyoipanga kama vyombo kabatini. Msahihishaji anaangalia kama umejibu ulichoulizwa, kama hoja zinashikana, msamiati na sarufi. Nilipata 6. Iliniuma, lakini haki yao.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza, na baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza walifaulu 10 tu. Watu walicheka mitandaoni. Mimi sikucheka. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 za IELTS kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Mtu anaweza kumhudumia mgonjwa kwa Kiingereza safi usiku kucha, kisha akakwama kwenye insha.

Ninachogombea ni hiyo miaka miwili. Wanasema lugha isipotumika hufifia. Sawa, lakini isipotumika! Mimi tangu nipate yale matokeo naandika ripoti kwa Kiingereza kila wiki, na vikao vya kazini ni Kiingereza mpaka kwenye utani. Nalipishwa sawasawa na mtu aliyekifungia kabatini siku alipotoka chumba cha mtihani. Na ada yenyewe si ya kuchezea, kwa wengi wetu ni mshahara wa mwezi.

Halafu angalia vyeti vya Kiingereza vya Chuo Kikuu cha Cambridge, C1 Advanced na C2 Proficiency (C2 ndiyo ngazi ya juu kabisa ya lugha, C1 iko chini yake). Havina tarehe ya mwisho. Huo wa Proficiency ulianza 1913, ukachukua takribani saa 12, watahiniwa walikuwa watatu na wote wakafeli. (Nikikumbuka hilo, ile 6 yangu hainiumi sana.) Cambridge hao hao ni miongoni mwa wamiliki wa IELTS. Ubongo ni uleule, Kiingereza kilekile, ila karatasi moja inaoza na nyingine haiozi. Nani anieleze.

Mpwa wangu kaniuliza WhatsApp, "Mjomba, nifanye upi?" Nimemwambia akiulize kwanza chuo anachokitaka, maana vipo vinavyodai hata cheti kisichoisha muda kiwe cha karibuni, na kwa viza ya Uingereza C1 Advanced haimo kwenye orodha ya mitihani inayokubaliwa. Kama chuo kinaipokea na viza haimbani, aitafute hiyo, hata kama ni ngumu. Akifika alama 180 ana C1 yake mpaka uzeeni, na akifika 200 cheti kitaandikwa C2.

Mimi sikuwa na uchaguzi, nimeshalipia IELTS tena. Ni Jumamosi ijayo. Jana mpaka saa sita usiku nilikuwa naeleza kwa maneno 150 jinsi mauzo ya baiskeli yalivyopanda na kushuka katika mji usio na jina.