Mafua darasani: tumrudishe mtoto nyumbani au tufungue madirisha?

Baridi ikianza kuuma Njombe na Makete, makundi ya WhatsApp ya wazazi huwaka kwa swali lilelile: mtoto anayechuruzika makamasi arudishwe nyumbani au aachwe asome?

Wanaotaka arudishwe wana hoja. Ingia darasa la awali uone: watoto watatu dawati moja, penseli inapita mdomo hadi mdomo, kamasi linafutwa kwa mkono wa sweta na mkono huohuo unamshika mwenzake begani. Virusi vya mafua ya kawaida husafiri vizuri kwa njia hiyo. Halafu kuna kuitikia. Mwalimu anasema "ba", darasa zima linapiga kelele "ba!" kwa nguvu zote, na kila anayepaza sauti anatoa chembechembe za mate, nyingine ndogo sana kiasi cha kuelea muda mrefu kwenye chumba kilichofungwa.

Ila hesabu inawakataa. Mtoto mdogo kushikwa na mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida, na kila mara huchukua wiki hivi. Akizuiliwa kila yanapomshika, karibu miezi miwili ya masomo imekwenda, na mama anayeuza vitumbua stendi hana wa kumwachia. Tena mwenye influenza, yaani mafua makali, huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hata hajapiga chafya. Ukimtoa Jumatano, wa dawati lake huenda alishaupata Jumanne.

Surua ni habari nyingine kabisa. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Mwenye homa, macho mekundu na upele aondoke bila mjadala, na kadi za wenzake ziangaliwe kama wana chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18. Anayepumua kwa shida naye apelekwe zahanati.

Kwa mafua haya ya kila siku, mimi ningeanza na madirisha. Ndoo na sabuni mlangoni vibaki, maana vinazuia hata kuhara, lakini havisafishi hewa. Walimu wa nyanda za juu watauliza kama nimewahi kukaa darasani saa moja asubuhi mwezi Julai, na wana haki. Basi yafunguliwe nusu, ya pande zote mbili ili hewa ipite, na wakati wa mapumziko yaachwe wazi kabisa. Gharama yake ni sweta nzito, ambayo kwa kaya nyingine si pesa ndogo. Hilo ndilo la kupeleka kwenye kamati ya shule, kuliko orodha ya wenye makamasi.