Tano sio kubwa kuliko nne, jamani

Juzi tunaongelea oili ya gia, zile daraja za GL-4 na GL-5, dogo mmoja ananiambia, anajiamini kabisa, "braza weka GL-5 tu, GL-4 ni ya kizamani." Nikacheka, halafu nikakasirika, maana maneno hayohayo ndo yaliyoniulia giaboksi.

Hizi namba sio madarasa kwamba mtu anafaulu la nne anapanda la tano. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu (ile inayogawa nguvu kwa matairi) ya haipoidi, ambayo meno yake yanaburuzana kwa ubavu huku yamebanwa vibaya mno, kwa hiyo inajazwa dawa za salfa na fosforasi zinazotengeneza kama ngozi juu ya chuma, ngozi ndo iishe, meno yabaki. Safi sana. Kwenye difu! Sasa giaboksi ya gari la zamani ina ringi za shaba za sinkro, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, na ile ngozi inaing'ang'ania shaba kiasi kwamba ikibanduka inaondoka na shaba yenyewe, kidogo kidogo, kila ukibadili gia. GL-4 dawa hizo inazo, ila kama nusu hivi.

Yangu ilianza na gia namba mbili. Asubuhi gari likiwa la baridi inakwaruza krrr, nikasema klachi hiyo, tukahangaika na klachi weee, bado. Siku namwaga oili kwenye beseni jua likaipiga, inametameta kama rangi ya kucha. Nikachovya kidole nikasugua, vumbi la njano tupu. Fundi, aliyeweka hiyo GL-5 yeye mwenyewe, anachungulia anasema "kawaida ya gari kuukuu." Kawaida!

Haya, nakubali, zipo GL-5 za siku hizi ambazo salfa yake imetulizwa na haili shaba ovyo kama za zamani. Sawa. Ila sinkro inafanya kazi kwa msuguano, lazima ringi iikamate koni mpaka mwendo ulingane ndo gia iingie, ukiiwekea oili inayoteleza kupita kiasi itakamata nini? Na yale makopo yaliyoandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, kwangu hiyo ni GL-5 imevaa kofia mbili.

Alafu kitabu cha gari kipo, kisomeni. MGB, kile kigari cha zamani cha Kiingereza, giaboksi yake inakunywa oili ya injini, 20W-50, na vigari vya Mini vile vya kuanzia 1959 injini na giaboksi wanachangia oili moja kabisa. Mtu akisikia anashtuka eti nyepesi hiyo, wakati oili ya gia ina vipimo vyake vya unene na ya injini vyake, 90 ya gia unene wake unakaribiana na 40 au 50 ya injini.

Oili ya sintetiki kwenye sili za miaka hiyo? Itavuja, tandika kadibodi chini kabisa.

Mimi leo naweka GL-4 ya 80W-90 kwenye giaboksi kama kitabu kinavyosema, GL-5 inaenda difu. Nimeanza kufungua nati ya kujazia kabla ya kugusa ile ya kumwagia, maana ukishamwaga halafu ya juu ikagoma, una gari lisilo na oili na huna pa kuitilia. Na imegoma kweli. Nimeipulizia dawa ya kutu, niko hapa chini ya gari naisubiri.