Kiatu namba 46 kwenye mianzi ya Wazhuang

Wenzangu wa chuo waliniponza kwa sifa. "Wewe Mwafrika, ngoma imo damuni!" Nami mtoto wa Mtwara, niliyeijua sindimba kabla ya a e i o u, nikavimba kichwa.

Tulikuwa Guangxi, kusini mwa China, siku ya Sanyuesan, yaani tarehe tatu ya mwezi wa tatu kwa kalenda yao ya kienyeji. Kwa Wazhuang, kabila la huko, ndiyo sikukuu yenyewe, na tangu 2014 jimbo zima hupumzika kazi. Nilikuwa nimeshashiba wali wao wa kunata wa rangi tano, ule wanaoutia rangi kwa majani. Tumbo limejaa, akili imelala.

Ngoma yao ni hivi. Watu wanachuchumaa wawili wawili, wakitazamana, kila jozi imeshika mianzi miwili mirefu kwenye ncha. Wanaigonga juu ya mianzi minene iliyolazwa chini: ta, ta! Hapo imeachana, kanyaga. Halafu pa! Inafumbana kama mlango wa daladala konda akiwa na haraka. Wachezaji mmeshikana mikono, mnavuka jozi hadi jozi. Sindimba iko kiunoni; huku kiuno hakina kazi, kinachotakiwa ni vifundo vya miguu.

Mwanzo nilikwenda vizuri, hata mbwembwe za mabega nikatia. Kumbe wagongaji huanza taratibu makusudi! Mwendo ukapanda. Kushoto nimeshikwa na bibi mmoja, ananifika kwenye kiwiko, anavuka huku anapiga soga na mwenzake wa nyuma. Mimi navaa namba 46.

Pa!

Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Na wale wagongaji, wallahi, hawakusimama. Ta, ta, pa! Kiatu kinarushwa huku na huku, kinafuata mapigo kuliko mwenyewe. Nikamalizia mianzi iliyobaki kwa kuchechemea, soksi imetoboka, dole gumba linachungulia, simu zote juu. Eti kabila la Li kisiwani Hainan ngoma ya namna hii zamani walikuwa wakiicheza msibani. Nilipoambiwa wala sikushangaa.

Bibi akakiokota kiatu, akarudi nyuma kidogo, akanirushia. Nikakidaka kwa mikono miwili, nikainama kushukuru. Uwanja ukalipuka! Mwenzangu, machozi ya kicheko yakimtoka, ndiye aliyenieleza: kwa mila ya Sanyuesan, msichana humrushia kijana aliyempenda mpira wa kitambaa uliotariziwa. Kijana akiafiki, anaufungia zawadi na kuurudisha.

Nikiwa bado naduwaa, mgonga mianzi mmoja, mzee wa makamo ya bibi, akainuka na kunijia, uso kaukunja. Mume huyo. Akasema maneno mawili matatu, watu wakashika mbavu.

"Anasemaje?" nikauliza, kiatu kifuani.

"Anasema mchukue tu. Ila na madeni yake ya kamari ya mahjong uondoke nayo."