Amani na Urambo si msitu mmoja

Mwezi wa Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo ya Urambo, mkoani Tabora, huchipua majani mekundu kama kutu, na mgeni hudhani pori limeungua. Amani, juu ya Muheza, kipindi hichohicho umande unadondoka majanini na barabara ina utelezi. Kwenye takwimu kote huko ni msitu. NAFORMA, tathmini ya kitaifa ya misitu, ilihesabu hekta milioni 48 Tanzania Bara, zaidi ya nusu ya nchi, na sehemu tisa kati ya kumi ni mapori ya miti kama miombo. Misitu minene ya milimani na mikoko ya Rufiji imo katika kilichobaki.

Sasa, fedha na askari wa misitu waende wapi kwanza?

Wanaotetea milima hawabahatishi. Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, aliishi chura mdogo wa manjano aliyetegemea mvuke wa maporomoko, katika eneo la hekta mbili hivi. Mwaka 2000 maji mengi yaligeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme. Mvuke ukapungua, maradhi yakaingia, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia ni wa kizazi cha wale waliowahi kupelekwa Marekani kufugwa. Umeme tuliuhitaji, sibishi. Lakini kiumbe wa hekta mbili hana kwa kukimbilia, na Tao la Mashariki, safu ya milima kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, limejaa viumbe wa namna hiyo. Ongeza kwamba maji ya Ruvu wanayokunywa watu wa Dar es Salaam yanaanzia Uluguru. Msitu kama huo ufungwe tu, kama Amani ilivyofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Tatizo ni kuchukua kufuli ya Amani na kuipeleka Urambo.

Mti wa miombo ukikatwa vizuri, kisiki chake huchipua. Kilosa kuna vijiji vilivyojengea hesabu yao juu ya jambo hilo: msitu wa kijiji unagawanywa vitalu, mchoma mkaa anakata kitalu chake na kuacha visiki, kisha kitalu kinapumzishwa miaka 24. Ushuru unabaki kijijini. Kinachoua miombo hasa ni jembe: visiki vinang'olewa, ufuta au mahindi yanapandwa, basi. Na kwa Urambo, kuni za mabani ya kukaushia tumbaku.

Wapinzani wa uvunaji huo nao wana lao. Utaratibu wa Kilosa unahitaji kijiji chenye mipaka inayojulikana, kamati isiyonunulika na doria ya kweli. Pasipo hayo, neno "endelevu" linakuwa kibali cha lori la usiku. Nimeona magunia ya lumbesa yamepangwa kando ya barabara, na hakuna aliyeniambia yametoka kitalu namba ngapi.

Hata hivyo naegemea upande wa vitalu, kwa sababu moja ambayo mjadala wa nishati safi unaipita haraka. Mkakati wa serikali wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa mapafu ya mama anayepika, ni jambo jema lisilo na mjadala. Ila mkaa ukikosa soko, kijiji chenye hekta elfu kadhaa za miombo kitaulizana msitu huu unatulipa nini. Mninga na mpingo vinalipa pale vilipo, lakini havipo kila mahali. Asali inasaidia, ingawa mzinga haurinwi kila wiki, na bei ya ufuta inatangazwa mnadani kila msimu.