Msizilaumu mbao, maji mmeyafungia wenyewe

Jukwaa la mbao la shangazi yangu, uwani kwake Fuoni, Unguja, limevunjwa wiki iliyopita, na mimi hasira bado haijanishuka. Limekula masika moja tu. Mbao zenyewe mtiki, zimevushwa kutoka Bara, na aliyezilipia ni mwalimu mstaafu aliyetoa kwenye kiinua mgongo chake ili apate pahala pa kukaa jioni na wajukuu. Fundi alipoitwa kuangalia alisema hivi: "Mama, mbao za siku hizi hazina maisha."

Maneno haya nimeyasikia Mbweni, nimeyasikia Bububu, na nimechoka nayo. Mbao hazina kosa.

Nilikuwepo zilipong'olewa. Juu ubao bado una rangi yake nzuri, mafuta yanang'aa. Ukiugeuza, chini mweusi, umelowa, ukiubonyeza kwa kidole gumba kinazama. Zile mbao za chini, za inchi mbili kwa nne, zilizoubeba zilikuwa zimelazwa moja kwa moja juu ya zege la zamani, tena zimekata njia ya maji. Zege lile lina mteremko mzuri tu wa kuelekea bustanini, aliyelimwaga miaka hiyo alijua kazi yake. Fundi wetu akaja akapanga mbao kinyume na mteremko, kila moja ikawa ukingo, na nyuma ya kila ukingo maji yamesimama. Mvua ilishakatika siku kadhaa, lakini chini ya jukwaa mlikuwa na madimbwi yenye viluwiluwi vya mbu. Na kwenye ufa wa zege, mchwa wameshajenga njia yao ya udongo hadi kwenye mbao, raha mustarehe, hakuna aliyewaona kwa sababu hapakuwa na upenyo wa kuchungulia.

Basi hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Mbao kulowa si msiba. Jahazi linalowa maisha yake yote. Msiba ni mbao kukosa kukauka. Kuvu anayeozesha mbao hana kazi kwenye mbao kavu. Anahitaji unyevu upite asilimia 20 hivi ndani ya mbao, na ubakie hapo. Zege nalo hunyonya maji na kuyaachia polepole, kwa hiyo mbao iliyolalia zege inanyweshwa hata siku ya jua. Visiwa hivi vinapata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, sehemu kubwa ikishuka masika, halafu vuli inakuja kumalizia. Ukifunga maji chini ya mbao katika hali ya hewa kama hii, hata ungeleta mvule ungeoza.

Dawa yake haina siri. Mbao za chini zifuate mteremko, maji yapite katikati yao yatoke. Zisiguse zege: kila baada ya hatua moja hivi weka kipande cha plastiki ngumu au mpira mzito, unene wa nusu inchi, zikae juu yake. Ziachane sentimita 40, ubao wa juu usibonyee. Kati ya ubao na ubao acha milimita 5 au 6, wala usikubali kuambiwa kwamba zikibanana ndiyo kazi safi. Pembeni usizibe kwa ubao wa urembo, upepo upite chini. Ukutani acha upenyo, na jukwaa lote likae chini ya kizingiti cha mlango, kiasi cha sentimita 15, mvua isije ikaruka ndani ya nyumba.

Tunajifanya kama elimu hii ni ya wageni. Ingieni nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe mtazame dari. Boriti za mikoko zimebeba sakafu nzito za mawe na chokaa zaidi ya miaka mia, na pale zilipobaki kavu ni nzima mpaka leo. Zikioza, mara nyingi huanzia kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, baada ya paa kuvuja na mwenye nyumba kuacha. Mafundi wa vyombo vya baharini wa Nungwi nao wanajua ubao wa chini ya maji hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na wa juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kwa sababu kila ubao una adui yake. Inaniuma fundi wa kisiwa kama hiki amwambie mama mtu mzima kwamba mbao hazina maisha.

Yupo na fundi wa pili aliyekuja akataka zege lote livunjwe, tuanze upya. Kwa nini? Zege zima ni msingi uliokwisha lipiwa. Halihitaji mashimo wala nguzo, na magugu hayapandi. Nitakubali livunjwe kama limepasuka na upande mmoja unatitia, au kama linamwaga maji kuelekea nyumbani. Hapo sawa.

Vigae? Ndiyo, ni rahisi kuliko mtiki na haviozi, siwezi kubisha. Lakini kanyaga kigae kwa miguu mitupu saa nane mchana mwezi wa pili, kisha uniambie bibi na wajukuu watakaa wapi.

Paini ya Sao Hill, ule msitu wa kupandwa wa Iringa, iliyotiwa dawa vizuri inatosha kwa asiyeuweza mtiki, ila kila anapoikata fundi, ncha mpya ipakwe dawa tena kabla haijafungwa. Mafuta machafu ya gari msipake pahala watoto wanapotambaa, tafadhalini.

Kabla hamjatoa pesa ya mwanzo, mwageni ndoo ya maji juu ya zege fundi akiwepo, muone yanakwenda wapi, kisha mwambieni awaonyeshe kwa mkono mbao zake zitalala vipi. Na afunge kwa skrubu zisizoshika kutu, asipigilie misumari. Hewa yetu ya chumvi inaila misumari, halafu siku mnataka kung'oa ubao mmoja mfagie majani chini yake, inabidi muupasue.